Mafua yamekupata na upasuaji umekaribia: mwongozo kamili wa kujua lini uendelee na lini usubiri

Kila msimu wa mafua mambo ni yaleyale. Mgonjwa wa ngiri ametoka Ifakara hadi Dar es Salaam, amelala kwa ndugu, hajatia kitu kinywani tangu jana usiku, nguo ya thieta ameshavaa. Daktari wa usingizi anamsikia akikohoa, anamweka kifaa kifuani, anatikisa kichwa. Safari imekwisha. Mwingine amemeza dawa ya kikohozi alfajiri, akanyamaza, akaingia mezani na kifua kibichi, na shida ikaanzia hapo.

Wote wawili walikuwa na siku kadhaa za kuliamua jambo hili vizuri wakiwa nyumbani. Ndiyo maana ya mwongozo huu.

Unahusu upasuaji wa kupangiwa tarehe: ngiri, busha, mafindofindo, nyama za pua, uvimbe wa kizazi, goita, mtoto wa jicho, mdomo wazi wa mtoto, kubadilishwa goti na mengine ya namna hiyo. Haumhusu mwenye dharura. Ngiri iliyojinyonga, kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, korodani iliyojisokota: haya hayangoji mafua yapone. Unakohoa, hukohoi, nenda hospitali sasa hivi.

Uamuzi wa mwisho ni wa daktari wa usingizi na daktari mpasuaji. Kazi yako ni kuwafikishia taarifa sahihi mapema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso hautoshi.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu, kwa ajili ya kuhesabu pumzi.
- Kadi ya kliniki na karatasi zote za hospitali, hasa yenye jina la upasuaji na tarehe.
- Namba ya simu ya kliniki au wodi. Kama huna, itafute leo.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji na zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa.
- Majibu ya kipimo cha korona au mafua makali, kama ulipimwa.
- Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kama kipo nyumbani. Si lazima. Ukikitumia, fahamu kwamba kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba ya juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo namba nzuri isikutulize kama mwili unakuambia vingine.

## Hatua ya 1: Jua upasuaji wako unaweza kusubiri kiasi gani

Wengi hudhani upasuaji ni wa aina mbili tu, dharura na usio dharura. Katikati lipo kundi la tatu, na ndilo linalowachanganya watu: upasuaji wa kupangiwa ambao hauwezi kukaa sana. Saratani imo humo. Uvimbe unaovuja damu hadi mgonjwa anaishiwa damu umo humo. Upasuaji wa kujifungua uliopangwa nao umo, kwa kuwa tarehe yake inafuata umri wa mimba na mafua ya mama hayabadilishi hilo.

Muulize daktari mpasuaji swali moja: "Nikichelewa mwezi mmoja, nini kitaharibika?" Jibu lake liandike.

Kama jibu ni "hakuna", una nafasi ya kutosha kufuata hatua zote zinazofuata. Kama ni "ugonjwa unaweza kusambaa" au "damu itaisha", usiahirishe kwa kichwa chako. Hapo hatari ya mafua inapimwa dhidi ya hatari ya kuchelewa, na kupima huko ni kazi ya madaktari wako.

## Hatua ya 2: Andika tarehe mbili

Ya kwanza ni siku dalili zilipoanza. Ya pili ni siku dalili zilipokwisha, au neno "bado".

Inaonekana kazi ndogo mno kuitwa hatua, lakini ndipo wengi wanapoanguka. Ukiulizwa "uliugua lini?" unajibu "kama wiki mbili tatu hivi." Daktari wa usingizi hana la kufanya na jibu hilo, kwa sababu kati ya wiki mbili na tatu uamuzi unaweza kubadilika kabisa. Miongozo mingi inahesabu tangu siku dalili zilipoanza, au siku kipimo cha korona kilipoonyesha maambukizi kama hukuwa na dalili.

Piga hesabu yako mapema. Mfano, kama mafua yalianza tarehe 3 Juni:

- Wiki 2 zinatimia 17 Juni.
- Wiki 4 zinatimia 1 Julai.
- Wiki 7 zinatimia 22 Julai.

Ziandike hizo tarehe tatu pembeni mwa tarehe ya upasuaji. Utaona mara moja umeangukia wapi.

Angalia hili: kama ulipona, ukakaa siku chache, kisha ukaanza upya, hayo ni mafua mapya na hesabu inaanza upya. Usitumie tarehe ya zamani kwa kuwa inakupendeza zaidi.

## Hatua ya 3: Tofautisha mafua ya puani na ugonjwa ulioshuka kifuani

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, basi tukae hapa kidogo.

Virusi vya mafua vikiingia huchubua utando wa ndani wa njia ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye mirija ya mapafu. Homa ikishuka na kamasi kukauka, wewe unajiona mzima, lakini utando bado haujajifunika. Mishipa ya fahamu iliyo chini yake iko wazi kama nyama iliyochubuka, na kitu kidogo tu kinaishtua. Ukiwa macho, kushtuka huko ni kikohozi cha usiku au koo kuwasha ukipita penye vumbi. Ukiwa kwenye nusu kaputi, na mrija wa kupumulia unapitishwa kooni, kushtuka kulekule kunaweza kufunga nyuzi za sauti kabisa hewa isipite, au kukaza mirija ya mapafu kama kwa mgonjwa wa pumu aliyebanwa. Juu ya hapo yapo makohozi. Mtu aliyelazwa usingizi hakohoi, kwa hiyo makohozi huziba mirija midogo na oksijeni hushuka.

Wepesi huo wa njia ya hewa kushtuka huweza kudumu hadi wiki 6 baada ya mafua. Ndiyo sababu daktari wa usingizi anakuuliza habari za mwezi uliopita wakati wewe unamwambia leo u mzima.

Sasa jipime, au mpime mtoto.

Dalili nyepesi, za puani: kamasi nyepesi kama maji, kupiga chafya, pua kuziba, hana homa, anakula, anacheza, akikohoa ni kikavu na mara moja moja.

Dalili nzito: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi chenye makohozi, kamasi nzito ya kijani au ya njano pamoja na kuonekana mgonjwa, kifua kupiga mluzi, kuhema, mtoto kulegea, kukataa kula au kukataa kucheza, mtu mzima kuchoka kwa shughuli alizozizoea.

Mwambie mtoto akohoe makusudi mbele yako. Kikohozi kikavu na chenye maji kifuani vinasikika tofauti kabisa, na hata sikio lisilo la daktari linavitambua. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia au amelala. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayefika pumzi 60 anapumua haraka kupita kawaida. Kuanzia miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Akifika hapo, suala la upasuaji liweke pembeni na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia kwa mtu mzima anayeishiwa pumzi akiwa amekaa, au ambaye kifaa cha kidoleni kinamwonyesha oksijeni chini ya 94.

Kuna mtoto ambaye kamasi haimkauki mwaka mzima, hasa mwenye nyama za pua. Huyo ukimsubiri akauke hatapasuliwa kamwe, kwa sababu kinachomtoa kamasi ndicho kinachotakiwa kuondolewa. Mwambie daktari wazi: "hii ndiyo hali yake ya kila siku" au "hii imezidi kawaida yake." Tofauti hiyo mzazi ndiye anayeijua.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja: "Ni mafua ya puani tu, hana homa," au "Imeshuka kifuani, ana makohozi, jana homa ilifika 38.4."

## Hatua ya 4: Hesabu mambo yanayokuongezea hatari

Mafua yaleyale kwa watu wawili hayana uzito mmoja. Weka alama mbele ya kila kinachokuhusu:

- Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, au aliyezaliwa kabla ya wakati.
- Pumu, au kifua kinachobana mara kwa mara.
- Kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini.
- Ugonjwa wa moyo, kisukari, mapafu, selimundu, au kinga iliyoshuka.
- Uvutaji wa sigara, wako au wa mtu mnayelala naye nyumba moja. Moshi wa sigara ya baba unahesabiwa kwa mtoto.
- Upasuaji wenyewe uko kwenye njia ya hewa: mafindofindo, nyama za pua, kaakaa lililo wazi.
- Upasuaji mkubwa wa kifua au tumbo, ambao baada yake utaumia ukivuta pumzi ndefu.

Kuna upasuaji ambao ni mdogo lakini kikohozi kinauharibu kwa njia nyingine. Mtoto wa jicho kwa kawaida hutolewa kwa ganzi tu, bila kulala, na watu husema "kwa hiyo mafua hayahusu." Yanahusu. Utalala chali na uso umefunikwa, na ukikohoa wakati kifaa kiko ndani ya jicho, kichwa kinaruka na shinikizo la jicho linapanda. Ngiri nayo: kila unapokohoa unasukuma mshono uliotoka kushonwa.

Alama zikiwa mbili au zaidi pamoja na dalili nzito za hatua ya 3, karibu kila daktari wa usingizi atakuambia subiri. Bila alama hata moja, na mafua ya puani tu, na upasuaji mfupi, wengi siku hizi huendelea. Zamani kila mtoto mwenye kamasi alirudishwa nyumbani. Leo hali haiko hivyo, basi usiahirishe mwenyewe kwa sababu ya chafya mbili.

## Hatua ya 5: Piga simu kabla hujafunga safari

Piga siku dalili zinapoanza, hata kama tarehe ya upasuaji iko wiki mbili mbele. Simu ya mapema inawapa nafasi ya kumwita mgonjwa mwingine mahali pako na kukupa wewe tarehe nyingine ya karibu. Simu ya saa kumi na moja alfajiri siku yenyewe haimsaidii mtu yeyote.

Usimpe habari karani wa miadi peke yake ukakata simu ukidhani yamekwisha. Omba zifike kwa daktari wa usingizi. Unaweza kusema hivi:

"Habari za kazi, sista. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minne aliyepangiwa kutolewa nyama za pua tarehe 20. Mafua yalianza tarehe 8. Homa ilifika 38.2 siku mbili, sasa haipo. Kikohozi bado kipo, kina makohozi. Ana pumu, anatumia pampu. Naomba daktari wa usingizi apate habari hizi, na mniambie nije, nisije, au nije kuonwa kwanza."

Kila kitu ulichoandika kwenye daftari kimo humo. Andika jina la aliyekujibu na alichosema.

Onyo kuhusu kambi za upasuaji. Madaktari wakija wilayani kwa wiki moja kushona midomo wazi au kutoa watoto wa jicho, wazazi huogopa kusema mtoto ana mafua. Wanafikiri nafasi ikipita haitarudi, na hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtoto mchanga mwenye kifua kibichi, mdomo unaoshonwa ukiwa mlemle hewa inamopita, ndiye hasa anayekatikiwa pumzi mezani. Sema ukweli siku ya uchunguzi, kisha uliza mambo mawili: je, anaweza kuwekwa siku ya mwisho ya kambi? Na kama haiwezekani, upasuaji huu unapatikana hospitali gani mwaka mzima? Mara nyingi ipo hospitali ya rufaa inayoufanya nje ya kambi, ila mzazi hakuambiwa kwa sababu hakuuliza.

Umefaulu kama umekata simu ukiwa na jibu moja kati ya matatu: njoo, usije, au njoo tukuone kwanza. "Tutaangalia" si jibu. Piga tena kesho yake.

## Hatua ya 6: Elewa muda uliopewa wa kusubiri

Muda hutegemea ugonjwa gani, umeshuka hadi wapi, na mgonjwa ni nani.

Mafua ya kawaida kwa mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Perth, Australia, ulifuatilia watoto zaidi ya 9,000. Shida za kupumua ziliongezeka kwa waliokuwa na mafua siku ya upasuaji au ndani ya wiki mbili kabla yake. Waliokwisha kupita wiki mbili hawakuwa na ongezeko hilo. Kwa sababu hiyo, hospitali nyingi hutaka angalau wiki 2 baada ya mafua yenye dalili nzito, na wiki 4 hadi 6 kama kifua kiliingiliwa hasa, au mtoto ana pumu au alizaliwa njiti.

Kwa nini wasiseme wiki 6 kwa wote, ili kuwa salama zaidi? Kwa sababu mtoto mdogo anayekwenda shule ya awali hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Ukingoja wiki 6 safi, mengine yatakuwa yamefika. Muda mrefu kupita kiasi nao ni kosa.

Mafua makali ya homa kwa mtu mzima. Subiri dalili ziishe kabisa, kisha mwili upate nguvu. Chini ya wiki 2 tangu kuanza ni mapema kwa upasuaji unaoweza kusubiri. Mwenye pumu au mvutaji sigara ajiandae kuambiwa wiki 4 hadi 6.

Nimonia. Hapa usihesabu wiki peke yako. Daktari atataka kukusikiliza kifua, na pengine picha ya eksirei, ndipo atoe tarehe.

Korona. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 140,000 kutoka nchi 116, ulionyesha kwamba kati ya wasiopata korona waliofariki ndani ya siku 30 baada ya upasuaji walikuwa asilimia 1.5. Waliopasuliwa ndani ya wiki 2 tangu kugundulika walikuwa asilimia 4.1, na hata kwenye wiki ya 5 na ya 6 bado ilikuwa 3.6. Kuanzia wiki ya 7 ikarudi 1.5. Hapo ndipo "wiki saba" ilipotoka, na bado kuna watu wanaambiwa wiki saba kama sheria.

Lakini wagonjwa wale walipasuliwa Oktoba 2020, kabla ya chanjo. Miongozo ya Uingereza na Marekani ya mwaka 2023 imelegeza: upasuaji wa kupangiwa usifanyike ndani ya wiki 2 za mwanzo, kati ya wiki 2 na 7 mgonjwa apimwe mmoja mmoja kwa hatari zake, uzito wa ugonjwa na ukubwa wa upasuaji, baada ya wiki 7 hakuna faida ya kuendelea kusubiri, isipokuwa kwa yule ambaye dalili hazijaisha. Huyo wa mwisho msimsahau. Katika utafiti uleule, waliofika wiki ya 7 wakiwa bado na dalili walifariki kwa asilimia 6. Kalenda peke yake haikuponyi.

Kabla hujakubali tarehe mpya, uliza pia mambo ya karatasi: kibali cha bima kitafika mpaka lini? Vipimo vya damu vitarudiwa? Waliochangia damu wanatakiwa tena? Dawa zilizosimamishwa, kama za kulainisha damu, zirudishwe leo? Hili la mwisho ni la hatari. Mgonjwa wa moyo anaahirishiwa upasuaji, anarudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia aanze dawa zake tena.

## Hatua ya 7: Tumia siku za kusubiri vizuri

Dawa za kuua bakteria hazitibu mafua ya virusi. Kumeza amoksilini "ili nipone haraka niwahi tarehe" hakuharakishi chochote, na kunaweza kukuachia kuhara siku ya safari. Zimeze tu kama daktari amekuchunguza na kukuandikia.

Paracetamol kwa homa inafaa. Aspirini usimpe mtoto mwenye mafua, na mtu mzima asianze kuitumia bila kuuliza kwa kuwa inaongeza kutoka damu. Vidonge vya mafua vyenye dawa ya kuzibua pua huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, basi viandike kwenye orodha yako. Tangawizi kwenye chai haina neno, lakini vitunguu saumu na tangawizi vilivyokolezwa kama dawa, vinavyonywewa kikombe kizima kila siku, huweza kusumbua kuganda kwa damu. Viache wiki 2 kabla ya upasuaji na useme uliwahi kuvitumia.

Kujifukiza kwa maji yanayochemka chini ya blanketi usimfanyie mtoto. Wanaofikishwa wodi ya majeraha ya moto kwa sababu ya sufuria iliyopinduka ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Asali kwa kikohozi inafaa, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Pampu ya pumu usiiache hata siku moja. Kama ni ya kuzuia, hizi ndizo siku za kuitumia bila kuruka.

Sigara: wiki 4 bila kuvuta zinaonekana kifuani. Kama umeshindwa hizo, hata saa 24 za mwisho zinasaidia damu kubeba oksijeni vizuri zaidi. Kwa mtoto, wavutaji watoke nje kabisa, na jiko la mkaa lisikae chumba anacholala.

Halafu jilinde na mafua mengine. Wiki 2 za mwisho kabla ya tarehe mpya, mtoto asiende shule ya awali kama inawezekana, wageni wenye chafya wasimbebe, mikono ioshwe kwa sabuni. Ukiwa kwenye daladala, vaa barakoa. Ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe, epuka wiki za kwanza baada ya shule kufunguliwa, maana ndipo watoto wanapogawana mafua. Kwa Nairobi na nyanda za juu, Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na vikohozi.

Na utembee. Mtu mzima aliyeugua wiki nzima kitandani apate nguvu kwa kutembea kila siku, akiongeza kidogo kidogo.

## Hatua ya 8: Jipime siku tatu kabla

Usiku na asubuhi, pima joto bila kuwa umemeza paracetamol ndani ya saa sita zilizopita. Mimi sina maneno laini kwa mzazi anayempa mtoto dawa ya homa alfajiri ili kipimajoto cha hospitali kisiseme kweli. Aliyedanganywa hapo ni mtu aliyeshika pumzi ya mwanao.

Kisha:

- Lala chali dakika 10. Umekohoa?
- Vuta pumzi ndefu, itoe yote kwa nguvu. Kuna mluzi, au kikohozi kinafuata?
- Panda ngazi za ghorofa moja au tembea mwendo wa haraka. Uko kama ulivyokuwa kabla ya kuugua?
- Usiku umelala bila kuamshwa na kikohozi?

Kikohozi kikavu cha mara moja moja kinaweza kubaki wiki 2 au 3 baada ya mafua, nacho peke yake hakizuii kila upasuaji. Kiseme tu. Ila makohozi, mluzi au homa mpya, piga simu siku hiyo na usafiri usianze.

Utajua uko tayari ukipita vipimo vyote vinne na joto likakaa chini ya 37.5 siku zote tatu.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe, rudia kila kitu

Funga kula kama ulivyoelekezwa. Kwa kawaida, kabla ya upasuaji ni kukaa muda wa saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji matupu. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Hata dawa ya kikohozi ya maji, uliza kwanza.

Daktari wa usingizi akifika, usingoje akuulize. Mpe tarehe zako mbili, dalili, na dawa. Huenda aliyepokea simu yako yuko zamu nyingine. Usitie chumvi wala usipunguze.

Akiamua kuendelea, anazo njia za kupunguza hatari: kutumia sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi, kuepuka mrija unaopita kwenye nyuzi za sauti inapowezekana, kumpa mtoto salbutamol ya kuvuta (dawa ya kufungua kifua) kabla ya kulazwa usingizi, au kukuweka chini ya uangalizi muda mrefu zaidi baadaye. Muulize: "Kwa haya mafua, utabadilisha nini?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Akiamua kuahirisha, omba tarehe mpya kabla hujaondoka, tena iandikwe kwenye kadi. Kisha rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 10: Wiki ya kwanza baada ya upasuaji

Keti, usilale tu chali. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa ukiwa umekumbatia mto mahali penye mshono. Inuka na utembee mapema kadiri ulivyoruhusiwa. Mapafu yaliyotoka kwenye mafua hujaa makohozi upesi, na miguu isiyosogezwa huweza kugandisha damu.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, makohozi ya rangi au yenye damu, kifua kuchoma unapovuta pumzi, kuhema, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mtoto kubonyea chini ya mbavu anapopumua. Ukifika mapokezi, anza na maneno haya: "Nimepasuliwa juzi, na kabla ya hapo nilikuwa na mafua."